Mashuka ya Mama Nyanjura

Mpendwa mama,

Nyanjura anaolewa Jumamosi, na mimi sijui nimpe nini. Ungekuwepo ningekuuliza jikoni ukiwa umenipa mgongo, maana unajua mtu akiniangalia maneno yananipotea. Kwa hiyo nakuandikia.

Ni Nyanjura yule yule wa jirani, tuliyekuwa tukisukana naye hapa uani Manyamanyama, ukatusema kwamba tunafumua nywele kabla hazijakaa hata siku mbili. Anaolewa na fundi redio wa Makoko, kule Musoma, na watu wa bwana harusi watakuja na vipaza sauti vyao. Siku hizi, mama, zawadi haiwekwi tu mezani. Unaitwa jina, unakuja nayo ukicheza, na kila mtu anatangaziwa umeleta nini. Nikifikiria tu, natamani zawadi yangu ipelekwe na mtu mwingine.

Lakini kinachoniogopesha zaidi ni mashuka.

Wewe hukuyaona, kwa hiyo nikueleze. Ulipofariki, madukani hakukuwa na kitu. Baba alizunguka Bunda nzima akitafuta kitambaa cheupe, akarudi mikono mitupu. Mama Nyanjura akaingia kwake, akafungua sanduku, akatoa mashuka mawili meupe ambayo hayajawahi kutandikwa. Alikuwa amemwekea Nyanjura kwa ajili ya ndoa yake. Moja likatandikwa ndani ya jeneza, jingine likakufunika, tukakupeleka Butiama kwa babu. Nilikuwa mdogo, lakini ile mikunjo yake naiona mpaka leo.

Sasa ndoa yenyewe imefika, na maduka yamejaa. Mashuka ya kila rangi yananing'inia milangoni, ila bei yake inatisha. Fedha ninayo. Tangu nimalize shule nimekuwa nikichuma pamba za watu na kuweka akiba. Lakini hiyo ndiyo ada yangu ya kujifunza kupiga chapa kule Musoma, na nafasi hawatanishikia. Nikinunua mashuka, nabaki nyumbani na sijui mpaka lini. Nikinunua glasi kama wenzangu, nitamtazamaje Mama Nyanjura?

Nilimwuliza shangazi. Akaacha kupepeta ulezi.

"Unataka kumlipa? Kwani alikukopesha?"

Nikaanza kuokota ulezi uliomwagika.

"Halafu mashuka meupe, wewe mtoto! Umpelekee bibi harusi sanda mbele ya wakwe?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Jana Mama Nyanjura akanikuta bombani. Akatua ndoo yake chini.

"Wegesa, nasikia unazungukaga madukani kama askari wa bei."

Nikaangalia maji.

"Shangazi yako kaniambia unatafuta mashuka. Usiniletee. Nikiyaona nitalia, na watu wa Makoko watasema nalilia sura ya bwana harusi."

Nikacheka, halafu machozi yakanitoka pale pale, watu wote kwenye foleni wananiona. Akanivuta pembeni.

"Sikiliza mwanangu. Yale nilimpa mama yako. Wewe sikukupa kitu. Unahangaikia nini? Nenda Musoma ukasome."

"Lakini mama hayupo."

"Alikuwaga anakuja kwangu kila asubuhi kuomba moto. Nisijue kwamba hayupo?"

Nikiwa narudi na ndoo yangu, nikakumbuka ile harusi ya Butiama, ya binti wa baba mdogo. Sabuni ilikuwa haionekani, tunafulia majani ya mpapai. Wewe ukaenda na mche mmoja wa sabuni ulioupangia foleni kutwa nzima. Uliufunga kwa kitenge, ukautia kichwani, ukacheza nao mpaka mbele. Wanawake walipiga vigelegele kama vile umeleta ng'ombe. Tukiwa njiani nikakuuliza kwa nini hukutubakizia hata kipande.

"Kipande?" ukasema. "Ili bibi harusi afue gauni upande mmoja?"

Ulicheka mwenyewe mpaka ukasimama.

Basi leo nimenunua beseni la maua, na ndani yake nimeweka mche mzima wa sabuni. Ada imebaki, na kilichopungua nitachuma tena. Najua sabuni siku hizi haimshangazi mtu, kila kibanda wanauza. Wageni wa Musoma huenda wakacheka. Bado naogopa, mama. Labda nimetoa kidogo mno. Dakika hii nasema inatosha, dakika inayofuata nataka kuirudisha dukani.

Lakini kaka yake Nyanjura ndiye atakayetangaza, na nimemwomba asiite jina langu. Aite Mama Wegesa. Usidhani ni kwa sababu ya aibu yangu tu. Ni siku nyingi sijasikia mtu akikuita kwa sauti. Watakapokuita nitasimama mimi, niweke beseni kichwani, nijaribu kwenda mbele kwa mwendo wako. Wengine wataona sabuni. Mama Nyanjura atajua nani ameleta.

Kaa kwa amani huko Butiama. Na nikijikwaa Jumamosi, usinicheke sana.

Mimi,
mwanao wa kwanza