Nimepata Mahari Nzuri

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Imeamuliwa. Kampala! Tarehe 19, mimi na Happyness, gari la kutoka Mwanza. Tukachukue nguo za watoto za Krismasi kabla wenzetu hapa Mwisenge, Musoma, hawajashtuka. Happyness ameenda mara tatu, anajiona mwenyeji. Mimi sijavuka hata mpaka wa Sirari.

Anasema soko la Owino ukizubaa unaingia mlango huu unatokea kule, hujui tena ulikuja na nani. Wataniita nyabo, nisikasirike, ni kama mama. "Na usivae sketi yenye mfuko wa nyuma, Mama Prosper. Utarudi na mfuko bila sketi." Tulicheka mpaka wateja wakageuka.

Mume wangu Revocatus nilipomwambia akauliza Jenipher atanyonya kwa nani, kwake? Nikamwambia ajaribu. Mtoto ana miezi kumi na moja, nimeanza kumpunguzia. Uji anautema. Mama mkwe atatoka Butiama kukaa nao. Basi, yote yamepangwa.

Kuna kimoja sijamwambia mtu. Wenzangu wakisema Kampala wanasikia mji. Mimi namsikia dada Sabina.

Jumatano, 6 Novemba

Orodha. Magauni, miaka miwili mpaka sita, ya kufunga mkanda nyuma. Suruali za kitambaa za wavulana — jinzi hapana, zimejaa mji mzima. Soksi za lesi. Picha za pasi. Kadi ya homa ya manjano. Happyness anasema mpakani wanaiangalia kuliko uso wako.

Leo kaja mama mmoja wa kwaya. Anageuza nguo, hanunui. Akauliza, yule dada yako aliyeolewaga Kampala si ndiye atakupokea? Nikasema ndiyo.

Ndiyo! Sijui hata anaishi mtaa gani.

Miaka miwili sasa. Biashara hii ya mitumba ilikuwa yake. Yeye ndiye alinifundisha kuingiza mkono kwenye kila mfuko kabla ya kutundika nguo, maana wenye nguo wanasahauga vitu vyao humo. Oktoba 2022 alienda Kampala, siku ya tano akatuma ujumbe. Bado ninao. Kioo cha simu kimepasuka, Revocatus ananisema nibadilishe, sibadilishi.

"Nimepata mahari nzuri. Nakaa kwanza. Waambie nyumbani."

Siku hiyo nilikuwa Kibara kwa baba. Nikausoma kwa sauti, watu wanakula. Halafu nikaongeza la kwangu: "Jamani, dada kaolewa!" Baba akaweka tonge chini. Mahari? Katoa nani? Kapokea nani? Hapa hajaingia hata ndama! Tangu siku hiyo jina la Sabina halitajwi pale nyumbani.

Jioni nilimwona dada kwenye genge la mkaa. Mkono kiunoni, namna yake ile. Nilikimbia na mtoto mgongoni. Mwanamke akageuka, akaniamkia vizuri tu. Simjui.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeshinda Bunda. Nilienda Kabasa kwa shangazi Justina, dada alikuwaga anaishi hapo. Nilitaka kitabu chake cha safari, kile kidaftari chenye gamba jekundu. Shangazi akasita. "Baba yako akisikia?" Nikamwambia nataka njia za soko tu, si mtu.

Akakitoa chini ya godoro. Kumbe miaka yote hiyo amelala juu yake.

Nimekaa na mtoto kituo cha magari nasoma. Mwandiko wa dada! Umelala upande kama unasukumwa na upepo. Lakini kila kitu kipo. Akishuka gari anashika njia ipi. Nani mwongo. Nani anafungua belo la nguo mbele yako. Hata mkojo wapi pa kwenda. Nilicheka peke yangu. Nilisikia kabisa anavyosema, sauti yake pale kwenye sikio la kushoto. Nikageuka.

Jenipher naye aligeuka. Upande uleule.

Jumapili, 10 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimesema kichwa.

Ninakili hapa kama alivyoandika dada:

"Mahari ya kushukia gari — si stendi kubwa."
"Mahari ya nguo za watoto — usianzie mrango wa mbere."
"Mahari ya kurara — nzuri, kwa Mama Nakato, mjane. Safari ijayo nimuurize chumba." Na namba ya simu.

Mahari. Kila ukurasa mahari.

Dada aliishia darasa la saba. Aliandika kama tunavyoongea nyumbani, na nyumbani kwetu L na R ni kitu kimoja. Mimi nilifika kidato cha pili. Mwalimu wa Kiswahili alinisimamisha mbele ya darasa mpaka nikaweza kuzitenganisha, wenzangu wanacheka. Ndiyo maana nilisoma kilichoandikwa. Msomi!

Nimepata mahali pazuri. Hicho tu. Mahali pa kulala.

Kuna jambo sijawahi kuliandika. Baada ya siku ile ya Kibara nilimtumia ujumbe. "Baba kasema usirudi bila ng'ombe." Simu ikaonyesha umefika. Dada alipiga mara mbili. Nikaiangalia simu inavyolia juu ya meza. Nilikuwa na hasira — angewezaje kuolewa bila kuniambia mimi? Baada ya hapo namba yake haikupatikana tena. Tukasema kabadilisha laini, kajifanya tajiri.

Hakuna aliyemtafuta. Nani anamtafuta mtu aliyeolewa?

Jumanne, 12 Novemba

Kibara. Nimeenda na kurudi. Nimechoka mpaka vidole.

Baba alikuwa nyuma ya nyumba anamenya mihogo. Nikapiga magoti, nikamsalimia. Nikakaa chini, nikamwambia nina neno la Sabina. Akasema hamjui huyo. Nikasema baba, leo utanisikiliza, hata ukinifukuza nitakuwa nimeshasema. Sijui nilipata wapi ule mdomo. Kisu kikasimama.

Nikamweleza. Dada hakuandika mahari, aliandika mahali.

"Ndivyo ulivyosoma siku ile," akasema. "Mahari."

"Hapana baba. Ma-ha-li."

"Si ndiyo hiyohiyo? Mahari."

Nikarudia. Yeye anarudia. Mtoto anatutazama kama tunacheza. Kwa sikio la baba hakuna tofauti! Mwishowe nikasema: pahala, baba. Pahala pa kulala. Chumba. Hakuna mume. Hakuna mtu aliyemwoa. Mimi ndiye nilisema kaolewa, na nilikosea.

Kuku wakaja kula maganda miguuni pake.

Halafu nikaliona zizi. Nimepita hapo mara ngapi, nikidhani la jirani. Miti mipya, lango jipya, ndani majani yameota, hakuna alama hata ya kwato moja. Nikamuuliza la nani. La kwake, alilijenga mwaka jana. Mtu aliyekataza jina la mwanae alikuwa anawajengea ng'ombe wa mahari yake.

"Kama ana mume," akasema polepole, "kuna mtu anajua amekula au hajala. Mimi nilikuwa na hasira na mtu aliye hai."

Nikasema nitaenda kumtafuta.

"Mrudishie mume wake," akaniambia. "Sitaki hayo mengine uliyoleta."

Akaendelea kumenya. Alimenya mpaka muhogo ukabaki kama kidole.

Alhamisi, 14 Novemba

Happyness kaona orodha yangu. Upande wa kushoto nguo. Upande wa kulia: studio ya picha, polisi, hospitali, chumba cha maiti. Akauliza, tunaenda kununua au kufukua?

Nikamwambia vyote.

"Mama Prosper, ule mji hata mwenyewe unajipoteza."

Nikamwambia nitaingia sokoni asubuhi, mchana nitazunguka na picha ya dada, na kama hataki aseme sasa nitafute mwenzangu mwingine. Alikunja uso. Baadaye alirudi na mandazi ya Prosper, akasema anamjua mwanamke wa duka la vitenge ambaye hasahau sura. Ndiye Happyness huyo.

Jenipher leo kanywa uji kikombe kizima. Nilifurahi, nikaenda chooni kulia. Maziwa yananiuma.

Ile namba ya Mama Nakato sijaipiga. Nimeiandika kwenye simu mara nne, nikafuta. Isipopokelewa, mwisho. Ikipokelewa, je?

Jumamosi, 16 Novemba

Mama mkwe amefika. Ameleta ulezi na maneno. Anasema mtoto anageukageuka hivi kwa sababu kuna mtu anamwita, na mimi niache kiburi nimpe jina la huyo mtu. Anajua vizuri jina gani. Nikamwambia, kwa heshima zote mama, mtoto anapewa jina la marehemu. Dada yangu si marehemu. Revocatus alitazama miguu yake.

Nimesema si marehemu. Nimeandika hapa nione linavyoonekana.

Jumatatu, 18 Novemba — mchana

Begi liko mlangoni. Saa tisa tunaondoka kwenda Mwanza, kesho ndiyo gari la Kampala. Saa saba nilipiga.

Sauti ya mwanamke mzima. Kiswahili chake kinachechemea, lakini tulisikilizana. Nikasema naitwa Jenoveva, napiga kutoka Musoma.

Akauliza: "Musoma ya Sabina?"

Nilikaa chini, pale pale sakafuni.

Mama Nakato anamkumbuka. Anasema alikuwa anaimba akipiga pasi, nguo zake za kuuza zimejaa chumba chote. Siku moja akasoma simu, akacheka sana. Halafu akalia. Akampigia mtu, mtu hakupokea. Mara mbili, nikasema. "Eeh, mbili," akasema. "Unajua?"

Akasema Sabina alimwambia: "Ni herufi moja tu, nimeandika vibaya, baba yangu amekasirika bure, naenda kumwambia kwa mdomo." Nguo alizifunga, akaziacha pale. Akachukua mkoba mdogo. Mama Nakato alimsindikiza mpaka kwenye gari, akampungia mkono.

"Aliondoka kuja kwenu," akasema. "Siku ile ile. Mimi nikangoja achukue nguo zake. Nikasema labda baba yake amemkatalia kutoka." Halafu akauliza: "Yeye mzima?"

Nilisema mtandao mbaya, nikakata. Uongo. Mtandao ulikuwa mzuri, nilisikia mpaka jogoo wa kwake.

Hayuko Kampala. Wiki mbili nimeupanga ule mji mtaa kwa mtaa kwenye karatasi, na hayuko kule. Alipanda gari kuja kwetu.

Happyness kafika, begi kichwani, anaimba. Akaniona sakafuni, akashusha begi. Nimemwambia yote. Hakuniuliza kama bado tunaenda. Nimemwomba anitajie, kutoka Kampala kurudi huku, gari linasimama wapi na wapi. Amekaa chini na mimi, ubavu kwa ubavu, anahesabu kwa vidole.

Masaka. Kyotera. Mutukula, hapo watu wote wanashuka, wanavuka mpaka kwa miguu. Kyaka. Bukoba. Muleba, wanakula hapo. Biharamulo — anasema hapo zamani kulikuwa na pori la majambazi, magari yalikuwaga yanasubiriana kabla ya kuingia.

Nimemuuliza zamani ya lini. Anafikiri.