Nafunga Siku Tatu Kila Ninapohama Klabu

Bi Dawa Chungu, salaam nyingi kutoka Tibirinzi, Chake Chake, na usikasirike kwa jina hilo, ndilo tunalokwita huku Pemba kwa kuwa majibu yako hukwaruza koo lakini asubuhi yake mtu huamka mzima, basi nami leo nimekuja na ugonjwa wangu, nakuomba unitibu mbiombio, maana meli yangu ni Jumamosi ya wiki ijayo na gazeti lenu hutufikia Alhamisi, ukichelewa utanijibu mie nishafika ng'ambo.

Mie ni kijana wa miaka ishirini na saba, kazi yangu ni mpira wa kikapu, na najua utasema hiyo si kazi, mkwe wangu husema hivyo hivyo kila akiniona, lakini ndiyo ninayoijua, na hakuna aliyenifundisha. Skuli nilikaa miaka miwili tu, kusoma nimejisomesha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia mikate, na mpira nimejifunza kwa kuwachungulia wanafunzi ukutani, nikenda nikapigilia pete ya pipa juu ya mnazi nyuma ya nyumba ya mjomba wangu, nikawa narusha furushi la matambara asubuhi na jioni mpaka mjomba akasema mtoto huyu kapagawa.

Sasa kazi yenyewe ilivyo, Bi, hakuna anayekulipa kwa kucheza, ila klabu inakutafutia kibarua, mchana unapima karafuu au unabeba magunia, jioni unavaa fulana yao. Na klabu zinaibiana wachezaji kama kuku, kwa hivyo ukifika tu, hata maji ya kunywa hujapewa, unaambiwa katawadhe, unaletewa msahafu, unaapa kwamba hutochezea watu wengine mpaka msimu uishe. Mie nimeapa Unguja, nimeapa Tanga, nimeapa Wete, nimeapa Mombasa, na kote huko, Bi, kote, nimeondoka msimu haujesha, kwa sababu kila nikikaa miezi saba minane inakuja barua, Nyange njoo, Nyange huku tunakutaka, na mie nikisikia kuna watu wananitaka siwezi kulala.

Mara ya kwanza, nilipotoka Unguja kwenda Tanga, kiapo kilinitisha, lakini nikamsikia mtu barazani anasema kiapo kina kafara yake, unafunga siku tatu, basi nikafunga siku tatu na siku ya nne nikapanda meli, na moyo wangu ukawa mweupe kama kanzu ya Iddi. Tangu hapo ndiyo ikawa kawaida yangu, barua ikija nafunga, nikimaliza naondoka, sikuona ubaya, nilijiona mtu mcha Mungu kuliko wenzangu wanaokimbia bila hata kufunga.

Lakini sikiliza nilichokipata. Mombasa tulikuwa tunaongoza, kapteni wetu Mabruki alinishika bega akasema, "Yakhe, baki wiki tatu tu, kombe liko mlangoni," nikamwambia nitabaki, na mwenyewe siku hiyo nilikuwa nishafunga siku ya pili, kwa kuwa rafiki yangu Soud, fundi cherehani, ambaye ndiye katibu wa klabu ya hapa Tibirinzi, alikuwa kaniandikia nirudi nyumbani. Nikarudi. Wiki tatu baadaye gazeti likaja na picha ya timu ya Mombasa wamelishika kombe, watu kumi na moja, nikawahesabu mara mbili kama vile nitajiona. Nimecheza miaka minane, sina kombe hata moja, sina picha, na goti la kushoto likipigwa na baridi linavimba.

Hapa Tibirinzi niliapa misimu miwili, kucheza na kuwafundisha vijana, na Soud akanipatia kazi ya ghalani. Msimu mmoja umepita. Iddi tulikwenda kucheza Wete, mie kuingia kiwanjani tu watu wakaanza, "Nyange, leo umekula?" na mwingine, "Mpeni tende huyo kabla hajatukimbia tena," kumbe habari ya kufunga kwangu imeenea mpaka kwa wauza urojo. Nikacheka nao. Sikuwa na kicheko, lakini nikacheka.

Sasa kuna bwana mmoja Dar es Salaam, anaitwa Ngwali, huyo kazi yake kuzitafutia klabu wachezaji, kaniandikia kwamba kuna kazi ya storini, chumba, na viatu vya mpira jozi mbili, nifike mwisho wa mwezi. Habari ya goti sijamwambia. Jana, Jumanne, nikaanza kufunga.

Mke wangu ni Mwanakhamis, nilimuoa niliporudi kutoka Tanga, tukakaa naye Wete, na aliponiona nafunga kule kabla sijenda Mombasa aliwaambia majirani kwamba kaolewa na mtu wa ibada. Jana katoka shamba, kapika muhogo wa nazi na changu wa kukaanga, akaniita.

"Njoo ule."

"Nimefunga."

"Umefunga nini, Jumanne?"

"Sunna tu."

Akaniangalia. Akafunika chakula, akaingia ndani, nikasikia sanduku linaburutwa kutoka mvunguni, akatoka nalo, akaanza kulipangusa vumbi kwa pembe ya kanga.

"Safari hii wapi?"

"Dar es Salaam."

"Kuna baridi huko? Nikutilie sweta?"

Nikamwambia Mwanakhamis acha mzaha, nakwenda kutafuta maisha, nitakuita. Akasema, "Mombasa pia ulikuwa uniite." Halafu akasema neno, Bi, na sauti hakuipandisha, alisema kama mtu anayeulizia bei ya samaki: "Watu wa klabu unawaapia, ukiwaacha unawafungia siku tatu. Mie hukuniapia kitu, ukiniacha hunifungii hata asubuhi moja. Safari hii ukenda, niachie talaka yangu mezani."

Leo asubuhi nikasema nende kwa Soud nikamdokeze. Sijamaliza kutoa salamu, na mguu wake haujatoka kwenye cherehani, kaniambia, "Kama umekula, kaa tuzungumze. Kama umefunga, nenda zako, nina suruali za watu."

Nikenda zangu. Leo ni siku ya pili na kesho namaliza, lakini safari hii moyo hauwi mweupe, umekuwa mzito kama gunia la karafuu mbichi, na sielewi kwa nini, maana ninachokifanya ni kile kile. Nahisi hii ndiyo klabu ya mwisho itakayonitaka, na nikiikosa sitoitwa tena na mtu. Nende au nikae? Jina langu lichape tu, Chake nzima wananijua.

Nyange, Tibirinzi, Oktoba 1960

*

Mwanangu Nyange,

Dawa yako nimeipika, ikae kwenye moto kidogo, kwanza nikuonyeshe ulivyojipiga chenga mwenyewe.

Umeyapokea maneno ya barazani ukayafanya sheria. Mie si mwanachuoni, lakini nimekwenda kumuuliza shehe wa mtaani kwetu, mtu asiyependa maneno mengi. Kaniambia aliyevunja kiapo hulisha masikini kumi, au huwavisha, na kufunga siku tatu ni kwa yule asiyekuwa na uwezo huo. Wewe ulikuwa mtu wa mshahara, ukachagua kilicho rahisi kwako. Nikamuuliza, je, mtu akifunga kabla hajakivunja? Shehe akacheka mpaka akaivua kofia. Akasema, "Huyo anafunga saumu ya nini? Mwambie aje nimsomeshe." Basi siku zako tatu za wiki iliyopita ulishinda na njaa tu, na kiapo chako cha Tibirinzi kingali kizima. Furahi kwa hilo, maana bado hujakivunja.

Tena hata kafara ingekuwa sawasawa, hiyo ni baina yako na Mola wako. Mabruki aliyekushika bega, yeye umemlipa nini? Ulimwambia utabaki huku umefunga ili uondoke. Hilo halifutwi kwa kushinda bila kula. Hilo hufutwa kwa kumwendea mtu ukamwomba radhi, na yeye ana hiari akupe au akunyime.

Sikatai kwamba una uchungu. Mtu aliyejifunza peke yake nyuma ya nyumba, akiambiwa kapagawa, barua ya kwanza inayosema njoo tunakutaka humlevya. Naifahamu ladha hiyo. Lakini wewe umekuwa mtu wa kuitwa, hukuwa mtu wa kukaa, na umri nao unakukimbia kama wewe unavyozikimbia klabu. Ukifika Dar, baridi ya kwanza goti litakusema, na bwana Ngwali hatokuwa na kazi ya kukuuguza. Atamwandikia mwingine, na wewe utakuwa chumbani kwa watu, na jozi mbili za viatu usizoweza kuzivaa.

Unauliza kwa nini moyo hauwi mweupe. Kwa sababu safari hii umemsikia mkeo. Zamani ulikuwa husikii.

Sasa nyamaza ufanye ninayokwambia. Leo hii, gazeti likiwa mkononi, kaa umwandikie Ngwali kwamba huji, na habari ya goti umtajie, ili asikusumbue tena. Msomee Mwanakhamis barua hiyo neno kwa neno, kisha mpe yeye aipeleke posta. Usimwapie. Ninarudia, usimwapie kitu chochote. Kwa ulimi wako wewe kiapo kimekuwa kama salamu. Mwanamke huyo hakutaka kuapiwa, alitaka ujue kwamba ukiondoka, na yeye pia unamwacha.

Ukitoka hapo nenda kwa Soud ukiwa umekula ukashiba, umweleze yote, hata la sanduku. Umalize msimu wako wa pili, na siku goti likikataa, usimame pembeni na filimbi uwafundishe vijana hao. Wao wana mwalimu, wewe ulikuwa na pete ya pipa. Halafu waandikie manahodha wanne wa klabu ulizozikimbia, Unguja, Tanga, Wete na Mombasa, kila mmoja barua yake, uwaombe radhi bila kujitetea. Masikini wako wa kafara muulize shehe wa hapo Chake, atakupangia, na uwalishe kwa mikono yako, karafuu msimu huu zimeitika na ghala halikosi kibarua.

Na Mwanakhamis akikataa kukusamehe kwa wiki, kwa mwezi, kwa mwaka, usinune. Amekungojea zaidi ya hapo.

Hiyo ndiyo dawa, inywe yote. Lakini kijana huyu nimemjua kwa barua moja tu, naye ana miguu myepesi, na Jumamosi ni kesho kutwa. Basi nakugeukia wewe msomaji, uliyekaa na gazeti hili mlangoni kwako: ungekuwa ndiye Mwanakhamis, kumepambazuka Jumamosi na mume bado amelala, hujui akiamka atashika njia gani, umeinama jikoni na moto umeshawaka, ungeteleka chungu cha watu wawili au cha mmoja?