Mjerumani Hakuitwa Mkekani

Gongoni, Tabora
4 Februari

Kaka yangu mpenzi Awadhi,

Assalamu alaikum, na shikamoo yako. Mguu unaendeleaje? Na wifi Sikuzani, bado anakuficha chumvi? Sisi huku hatujambo. Ningekupigia simu, lakini utanikatiza, na leo nataka nimalize mimi.

Kaka, nimefaulu Historia! Nimepata B! Mwaka mzima nilipoaga kwamba nakwenda kuwaposea watu, nilikuwa darasa la watu wazima pale Mtendeni, kwa mwalimu Minza, binti wa kumzaa. Nilitaka somo lile lile nililopata F miaka thelathini iliyopita, somo ulilonifundisha wewe mwenyewe.

Siku moja Minza alituuliza kwa nini amani iliyotiwa saini Versailles mwaka 1919 haikudumu. Wenzangu wakataja fidia na mipaka. Mimi, mshenga, nikasema Mjerumani hakuitwa mkekani. Wakubwa walikaa peke yao, wakapanga masharti, wakagawana mpaka makoloni, ndipo wakamwita aweke saini. Posa ya namna hiyo mimi siipeleki ng'o! Mwenzetu mmoja darasani, Adriano wa Ulyankulu, nusura aanguke na kiti kwa kucheka. Minza akasema vitabu navyo vinasema hivyo hivyo, ila kwa maneno marefu, akaniuliza habari za mkataba wa Locarno. Nikajibu kwamba kule, mwaka 1925, walau walimkaribisha akakaa nao, Ulaya ikapumua miaka michache. Basi swali likaja kwenye mtihani! Nikalimwagia Kiingereza changu cha kuungaunga mpaka nikaomba karatasi za nyongeza.

Sasa kaka, kaa vizuri. Ile F haikuwa yako. Nilijua majibu. Niliandika namba yangu tu, nikarudisha karatasi tupu ili niwahi harusi ya jirani zetu kina Najiat, nikapiga vigelegele kuliko mama wa bibi harusi. Wewe ukaamini hujui kufundisha, ukaacha ualimu, ukaenda kulima tumbaku Usinge, nami nikanyamaza. Nimeona haya miaka yote hii. Nisamehe.

Mwaka huu nimesomea madaftari yako, yale ya jalada la bluu. Minza ameyasoma yote, akaniuliza mwalimu huyu anafundisha wapi. Anaomba uje ufundishe darasa letu walau siku moja. Nimeshamkubalia kwa niaba yako. Ni Jumamosi ijayo, saa tisa.

Mbusu wifi kwa ajili yangu, na watoto wote wasalimie.

Ni mimi mdogo wako, mwanafunzi wako,
Mwanajuma