Kishimo cha Ukingoni

Jumatatu, 1 Machi 1965
Hapa Flagstaff bado theluji. Nimeharibu! Nilikuwa napuliza wino kwenye ramani ya Mwezi, nikiweka kivuli cha kreta kongwe — lile shimo kubwa la duara lililolika kingo, karibu lifutike — bomba la kupulizia likakohoa. Tone moja! Likatua ukingoni. Kukwangua ni kupoteza kazi ya wiki tatu. Nikalitia kivuli. Sasa ni kishimo, kizuri kuliko majirani zake wote. Mungu anisamehe.

Jumatano, 10 Machi
Mzee Wendell, mkaguzi wetu, kaipeleka ramani kwenye darubini ailinganishe na Mwezi wenyewe. Hakuna kinachochapwa bila jicho lake. Nilijua atanikamata. Nilitaka anikamate! Karudi anasugua mikono: kimeonekana, binti, kishimo chako, waziwazi kabisa. Akatia sahihi. Akanipa na kipande cha pai ya mkewe.
Nimekula. Aibu gani hii!

Ijumaa, 19 Machi
Kimepewa herufi, kama vishimo vyote vinavyoizunguka kreta kubwa: K. Imeandikwa upande unaoitazama kreta mama, kama wanawe wote wa halali. Nafsi inanisuta.

Jumanne, 6 Aprili
Picha mpya zimefika, zimepigwa na chombo kilichotumwa kugonga Mwezi, kikipiga picha mpaka dakika ya mwisho. Kreta kongwe ipo. A ipo, D ipo, F ipo. K — hakuna kitu!
Bwana Kessler, mkuu wetu, hata hakuniuliza mimi. Kamgeukia Wendell: una miaka mingapi sasa? Sitini na miwili. Na ulikiona? Nilikiona. Basi, kasema Kessler, pengine afadhali macho hayo yapumzishwe.
Vijana wa chumba cha picha wanamcheka: Mzee, na ng'ombe je, hukuwaona huko juu?
Nilikuwepo. Nikaendelea kunoa penseli!

Jumatano, 7 Aprili
Nimemfuata Wendell kwenye kahawa nimwambie. Akanitangulia. Usiwe na wasiwasi, binti, kasema. Usiku ule wa kwanza sikukiona. Lakini mkono wako haukosei, namjua anayechora. Nikatafuta mpaka nikakiona. Miaka kumi na tisa kwenye darubini ile, wakinitoa nitakwenda wapi? Nikasema kahawa imepoa.

Alhamisi, 8 Aprili
Tumeitwa wote wawili. Tuko kwenye benchi nje ya mlango wa Kessler, naandika magotini ili nisimtazame. Wendell kavaa tai. Ananong'ona: wewe waambie tu ulivyokiona, binti, watakuamini.
Mlango umefunguliwa. Kessler anataka mimi nianze. Wendell ananipokea koti, anishikie nikiwa ndani —