Kichwa Kwako, Miguu kwa Wifi

Bweni la Vibarua,
Nyuma ya Ghala la Saruji.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi kutoka huku nilipo. U hali gani? Na ule mguu unaovimba ukikaa sana, umepungua au bado unaufunga kitambaa? Binti yako anaendeleaje na masomo? Mimi ni mzima, kama mtu anaweza kuitwa mzima huku mgongo si wake. Nakohoa vumbi la saruji asubuhi, lakini nakula na nafanya kazi, kwa hiyo sina haki ya kulalamika, ingawa nalalamika.

Nisamehe kwa mwandiko. Vidole vimekakamaa kwa magunia, na shule unajua niliiachia wapi. Ningepiga simu, lakini kwenye simu wewe husema "hamna shida" halafu unakata. Barua huwezi kuikata.

Kaka alinipigia juzi kuniambia kwamba mgao wa vitu vya Mama umekwisha. Alinisomea kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu. Ilikuwa wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya magunia, na simu niliifungulia sauti yote kwa sababu sikio la kulia limeziba vumbi. Kwa hiyo ghala zima lilisikia mambo yetu.

Nasikia Baba Mdogo ndiye aliyesimamia, na alisema hakuna mtoto wala mjukuu atakayeondoka mikono mitupu. Neno zuri. Ila vitu vilikuwa vichache na watu wengi, basi mkaanza kugawa vipande. Saa ya ukutani kwa mziwanda, ufunguo wa kuizungusha kwa mjukuu mkubwa. Sufuria kubwa kwa huyu, mfuniko wake kwa yule. Kitanda cha Mama, ubao wa kichwani umekwenda nyumba hii, chaga zimekwenda nyumba ile. Na cherehani: kichwa kwako, miguu na kanyagio kwa wifi yako.

Nilimwambia Kaka arudie hapo.

"Kichwa kwa Dada, miguu kwa mke wangu, shemeji yako," akasema. "Kila mtu kapata."

"Kwani shemeji anashona?"

"Anataka kuwekea televisheni."

"Na Dada atashonea nini, meno?"

"Wewe usianze. Mwenyewe hakulalamika."

Mwenzangu mmoja hapa, tunamwita Kipara, aliangua kicheko mpaka akamwaga chai. Akasema ndugu zangu wangeachiwa ng'ombe, mmoja angepewa maziwa na mwingine mkia, na ng'ombe aendelee kutembea. Nilicheka na mimi. Halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu najua maana ya wewe kutolalamika. Baba Mdogo aliniambia baadaye kwamba ulikifunga kile kichwa kwenye shuka, ukakibeba kama mtoto mchanga hadi kwenye stoo uliyopewa kulala, ukafunga mlango.

Dada, cherehani ile ndiyo jembe lako. Sare za watoto wa mtaa mzima zimepita chini ya sindano yake. Mama alipougua ulishona mchana barazani, na dirisha ukaliacha wazi ili akikuita umsikie. Leo unapewa chuma kisicho na miguu, na ada za binti yako zinategemea chuma hicho. Hata mtoto angeona kwamba huo si mgao.

Mimi, kama unavyojua, nilipewa chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, pamoja na kabati la kioo lililomo. Hapo hapo, bila hata kuvuta pumzi, Kaka akasema kwa kuwa mimi sipo chumba kitalala bure, basi bora yeye afungue duka, na baraza iwe ya kupangia bidhaa. Baraza ambayo ndiyo kiwanda chako!

Nikuambie ukweli. Chumba kile nilikitaka. Hapa tunalala vitanda vya ghorofa. Wa juu akijigeuza, wa chini naye anageuzwa. Kila gunia nililopandisha kwenye lori nilikuwa nalibebea chumba kile. Nilikwisha kupanga kitanda kikae upande gani ili nisipigwe na jua la asubuhi, maana nilikusudia siku za kwanza niamke ninapotaka mwenyewe.

Kwa hiyo simu ilipokatika nilikasirika. Nilimkasirikia Kaka, nikamkasirikia Baba Mdogo, nikakukasirikia na wewe kwa kunyamaza kwako. Wewe ukinyamaza, sisi wengine ndio tunaobaki na maneno yako mdomoni, na mimi kusema kunanichosha kama kubeba. Nikafanya kazi mpaka jioni bila kufungua kinywa. Msimamizi akauliza kama naumwa jino.

Jana nimempigia Baba Mdogo, kwa kuwa yeye ndiye aliyegawa, na nikaomba Kaka na wifi yako wawepo wakisikia. Nimesema hivi. Kabati la kioo achukue wifi yako. Amelipenda tangu siku ya kwanza alipoletwa kwetu, akajitazama humo kushoto na kulia mpaka Mama akamwambia kioo hakiishi, aje ale kwanza. Yeye arudishe miguu ya cherehani, pamoja na kanyagio na ule mkanda wa ngozi. Usisahaulike mkanda. Na chumba cha mbele ni chako na baraza yake. Sikuazimi. Ni chako.

Kaka akasema, "Umeshiba huko, sasa unagawa vyumba."

Nikamwambia, "Njoo uone nilivyoshiba."

Halafu nikamsikia wifi yako kwa nyuma akiuliza, "Ni lile lenye kioo kizima, au kuna jingine?" Hapo nikajua habari imekwisha.

Baba Mdogo ameahidi kuja mwenyewe Ijumaa, asimame mlangoni mpaka miguu ifike. Sasa sikiliza vizuri, Dada. Nakujua. Wakikuuliza kama ni lazima, usiseme "hamna shida." Ukilisema neno hilo mbele yao, miguu itabaki huko huko na televisheni juu yake, na mimi nitakuwa nimetoa kabati na chumba kwa hewa. Sema, "Asante, wekeni hapa," na uonyeshe mahali kwa kidole. Basi. Kama maneno yatakushinda, kidole kitatosha.

Kipara ameniuliza, sasa wewe umebaki na nini? Nimelala nalo swali hilo, kama kulala ni kule, na leo ninapoandika ndipo nimeona.

Unakumbuka nilivyokuwa nalala kwenye kikapu cha vitambaa chini ya cherehani ile, kanyagio likienda mbele ya pua yangu? Mama akikatisha tu kushona, naamka na kulia. Akikanyaga, nalala tena. Huku kuna mitambo, malori na watu wa kukoroma, na tangu nifike sijalala usingizi ulioshiba. Kwa hiyo nikipata ruhusa nikaja, nitandikie godoro sakafuni humo chumbani mwako, karibu na dirisha. Na usinionee huruma ukasimamisha kazi ili nipumzike. Wewe kanyaga tu.

Nisalimie Baba Mdogo, na mziwanda na saa yake isiyo na ufunguo. Binti yako mwambie nasubiri matokeo yake. Wifi yako msalimie pamoja na kioo chake. Kaka naye msalimie. Hana ubaya yule, ana mipango mingi tu. Mungu aupe nafuu mguu wako, ailaze roho ya Mama pema, na Ijumaa akufungue mdomo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Bwana Usingizi