Makala Yako ya Kumi

Mueni mjukuu wangu,

Huku Donholm tu wazima, ila goti langu halitulii. Unauliza mbona nilinyamaza uliponitumia makala yako ya kumi, hiyo itakayokupatia cheo chuoni ikishachapishwa.

Nilipokuwa karani wa taipu, nilimpigia daktari mmoja makala kuhusu mshtakiwa aliyempima akili kwa ajili ya mahakama. Jina tulilitoa. Lakini tukabakiza kwamba ni fundi wa majiko Kariobangi, tena mwenye mkono mmoja. Niliona kosa, lakini mimi nani nimwambie daktari? Mwanafunzi mmoja wa mtaa ule akaisoma, habari zikaenea, na fundi akafunga kibanda. Mahakama ilikuwa imeshamwachilia. Mamake alikuja ofisini akaniuliza, "Ni wewe uliyeandika?" Niliinuka, nikajifanya natafuta karatasi. Hata sasa nimeinuka mara tatu kabla ya kumaliza sentensi hii.

Makala yako ni nzuri. Nimeisoma mara mbili. Lakini yule mama wa mtaa wa Huruma uliyemficha jina, ukabakiza kwamba anauza mandazi kando ya kanisa akiwa amevaa kofia ya marehemu mwanawe, jana aliniongezea andazi moja, akaniuliza habari zako.

Shosho wako