Skrini ya Meneja na Simu za Wagonjwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Pacha, ndivyo anavyojulikana kazini na nyumbani
Umri: miaka 47
Kazi: mpokeaji simu, kampuni ya magari ya wagonjwa
Makazi: nyumba za nyuma ya soko

Nimekuja kwa hiari yangu. Fundi wetu mliyemweka mahabusu hajahujumu kitu, nataka aachiwe.

Simu zetu hupita kwenye intaneti, kwa seva iliyo chumba cha pembeni. Mwezi uliopita meneja, mtu anayejiona kuliko alivyo, alijiwekea ofisini skrini pana kama kitanda. Inamletea picha za vituo vyetu vyote, apate kuona dereva gani anakunywa chai. Tangu hapo sauti za wanaopiga zikawa zinakatikakatika. Mtu analilia mgonjwa wake, wewe unaambulia vipande.

Meneja akafanya uchunguzi. Alinipigia kutoka mezani kwake, akauliza, "Mama Pacha, unanipata?" Nilimpata kwa masikio yote mawili, maana mlango ulikuwa wazi. Akatangaza kwamba simu ni nzima. Simu ya ndani haitoki hata nje ya jengo, afande, lakini nenda kamweleze yeye.

Fundi naye simsifii, ana mdomo huyo. Alitubadilishia hedifoni, akaizima na kuiwasha seva mpaka tukamchoka. Ni sisi wapokeaji tuliomwambia simu hupona kila mara meneja anapozima skrini kwenda kula. Hapo ndipo alipoona kwamba picha zinaijaza intaneti, sauti zinakosa njia. Akamwomba meneja aizime skrini. Meneja akasema, "Kwa hiyo ugonjwa ni mimi?" Tukarudi wote kwenye simu zetu, na mpaka leo najuta.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, alipiga simu mama mmoja. Nilisikia "mtoto", nikasikia "hapumui", kisha vipande vya kilio. Nikamuuliza yuko wapi, nikamuuliza tena, jibu likaja limekatika. Nikamwita fundi kwa sauti. Aliingia kwa meneja bila hodi, akang'oa waya wa skrini. Sauti ya yule mama ikanyooka papo hapo. Akataja mtaa, gari likaondoka. Mtoto yu hai, nimeulizia mwenyewe.

Meneja hakumuulizia. Aliutazama ule waya kama mtu aliyefiwa, akanyanyua simu ya mezani kuwaita ninyi, eti mtambo umehujumiwa. Mlimuuliza maswali kwenye simu hiyo, naye akajibu yote bila kusema "rudia". Waya ulikuwa bado sakafuni.

Leo ameuchomeka tena. Mpigie, afande.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, nimesomewa na nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya askari: Nimempigia meneja ofisini kwake mbele ya shahidi. Alipokea. Nilijitambulisha, nikamuuliza kuhusu skrini. Alisema "haloo" mara kadhaa, akasema "sikupati, unakatika," akakata simu. Mtuhumiwa ameachiwa.